Mfungo wa Queensbury

Muhogo niliumenya mimi. Nalisema hili mapema ili nisije nikaonekana mtu aliyekaa pembeni akitazama wenzake wakikosea. Niliumenya, nikauchemsha, nikaukata vipande virefu, Bibi akaukaanga akiwa ameegemea fremu yake ya kutembelea, na mtoto akaula. Tulikuwa tunamfungisha. Ndivyo tulivyodhani, watu wazima wawili wenye akili timamu.

Wakati huo nilikuwa na miezi minne katika nyumba ile ya Queensbury, huku kwa Waingereza. Wakala wangu wa kazi za uangalizi alinipeleka huko baada ya Bibi kubadilishiwa nyonga hospitalini, nimsaidie kuoga, kuvaa, kupika na kufanya mazoezi, kuanzia saa tano asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni. Nyumba ilikuwa ya mwanawe, ambaye yeye na mkewe walishinda kazini. Bibi alikuwa Mgujarati wa Tanga. Alizaliwa pale, akaolewa pale, akaondoka akiwa mama kijana, na sasa alikuwa amekaribia miaka themanini.

Siku ya kwanza, alipofungua mlango na kusikia kwamba natokea Morogoro, uso wake ulichanua. Akaniambia kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko cha wanangu wawili niliowazaa mwenyewe, "Ingia, yaya. Viatu acha hapo."

Nikavua viatu. Kisha nikamwambia kwa adabu, lakini bila kutabasamu, "Shikamoo, Bibi. Mimi si yaya. Mimi ndiye nitakayekwambia leo unaoga saa ngapi."

Akacheka mpaka akashika ubavu. "Marahaba, mwanangu," alisema. Hakuniita yaya tena, na mimi sikumkumbusha.

Mjukuu wake alikuwa mmoja tu, binti wa miaka kumi, yuko darasa la mwisho la shule ya msingi. Baba yake alimchukua shuleni kwa gari kila siku saa tisa na robo, akamshusha mlangoni, akarudi kazini. Shule yenyewe ukisimama dirishani ghorofani unaliona paa lake. Mtoto akiingia alikuta sahani inamsubiri: chapati nyembamba zilizopakwa samli mpaka zikang'aa, dengu, viazi vya kukaanga, na ladu, yale madonge matamu ya unga na samli, iliki yake inanukia pembeni. Tonge la kwanza Bibi alimlisha kwa mkono wake. Kama kulikuwa na mtihani, ladu zilikuwa mbili. Kama mtihani ulikuwa mgumu, tatu.

Nilipenda kuwatazama, sina haja ya kuficha. Na wiki ya kwanza tu nilitia neno langu. Kwetu ukimwambia mtu amenenepa umemtakia heri, umewasifu na wazazi wake. Basi nikapiga makofi, nikasema, "Mtoto amenawiri huyu! Hapa pana malezi." Bibi akamtafsiria kwa Kigujarati, kwa fahari. Mtoto akavuta sweta la shule kufunika tumbo, akaishika ncha yake kwa mkono mmoja mpaka alipomaliza kula. Niliona, nikadhani ni haya za kitoto.

Halafu ikaja barua. Watoto wa darasa lile hupimwa urefu na uzito shuleni, kisha wazazi hupelekewa majibu nyumbani. Mama mtu aliisoma akiwa amesimama, koti bado mwilini, akaikunja na kuiweka chini ya bakuli la matunda. Kesho yake nilipofika Bibi alikuwa ameitoa, anaisubiri miwani yangu kwa sababu Kiingereza cha kusoma hakukiamini.

"Hii letter ya shule inasema nini?" aliniuliza. "Na usinipunguzie."

Sikumpunguzia. Ilikuwa barua ya upole, lakini ilisema uzito wa mtoto umezidi sana umri na kimo chake, na kwamba mwili wa namna hiyo huweza kukaribisha maradhi mapema. Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza kama imetaja sukari. Nikasema imetaja. Akaniomba nimsaidie aketi.

Mumewe alikuwa amekufa kwa sukari. Hilo nilikuwa nalijua kwa vipande vipande, kama mfanyakazi wa nyumbani anavyoyajua mambo, lakini siku hiyo alinieleza lote. Walianza kumkata vidole viwili, kisha wakamkata mguu chini ya goti. Na miaka yote hiyo yeye ndiye aliyekuwa akimpikia, na kila daktari alipokataza kitu, mzee akirudi nyumbani alimtazama mkewe kwa macho ya kuomba, naye akampa. "Nilimhurumia," alisema. "Nimemlisha mpaka kaburini. Sasa namlisha na huyu." Nilipika chai, na sote wawili tukainywa bila sukari, kana kwamba hiyo ingesaidia.

Mkwewe, mama wa mtoto, hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alikuwa mfamasia Wembley, anashinda akiwahudumia watu wa jamii yake wanaokuja kuchukua dawa za sukari, wengine hawajafika hata miaka arobaini. Jioni ile alikaa mezani, akazungumza kwa Kiingereza ili na mimi nisikie, maana aliniona kuwa mshirika, na alikuwa sahihi. Alisema amempigia daktari simu, naye hakutaka mtoto anyimwe chakula wala ashindishwe njaa. Alitaka ale vizuri, atembee, ili urefu wake uukute uzito wake. Watu wetu sukari inatuwahi, alisema, hatuna nafasi ya kuchezea. Kisha akasema ameandikisha jina kwenye klabu moja ya michezo inayokaa na watoto mpaka saa kumi na mbili jioni. Nafasi ikipatikana, mtoto atakuwa akienda huko kila siku baada ya shule. Chakula cha Bibi atakula Jumapili tu.

Bibi aliitikia kwa kichwa. Mkwewe alipopanda ghorofani, Bibi akanigeukia. "Wananichukulia mtoto," alisema. "Na haki wanayo. Hilo ndilo linaloniuma."

Nyumba ile mchana ilikuwa kimya kabisa. Marafiki zake wengi walikuwa wamekufa au wamehamia kwa watoto wao Leicester. Siku yake nzima ilikuwa ngazi za kupandia kufikia saa tisa na robo. Ukimwondolea ile saa, sijui angekuwa anaamkia nini.

Basi akaja na wazo la mfungo. Watu wa dini yake wana siku ya kufunga mara mbili kila mwezi, siku ya kumi na moja tangu mwezi uandame, na ya kumi na moja tangu uwe mpevu. Yeye hakuwahi kuiacha tangu usichana. "Nitafunga naye," alisema. "Tumbo litapumzika. Mama yake ataona najitahidi." Nilikubali kwa moyo wote. Kufunga si ni kufunga?

Jambo ambalo sikulijua, na ambalo yeye alilijua kwa miaka sitini bila kulitazama usoni, ni kwamba mfungo ule unakataza nafaka na kunde. Haukatazi viazi. Haukatazi muhogo, wala njugu, wala maziwa. Na wanawake wa Kigujarati hawakuzaliwa jana: kwa karne nyingi wametunga mapishi ya siku ya mfungo yanayoweza kumwamsha mgonjwa kitandani. Nikamenya muhogo, kama nilivyosema. Akaukaanga. Akakaanga viazi. Akakaanga njugu kwa bizari na pilipili na kuzinyunyizia sukari. Akachemsha maziwa mpaka yakawa mazito, akatia iliki, zafarani na sukari tena. Mtoto alikula kwa furaha akasema kwa Kiingereza kwamba kumbe kufunga si kugumu.

Mama yake akaingia katikati ya mambo hayo, siku hiyo ametoka kazini mapema. Akaitazama meza, sahani moja baada ya nyingine. "Ba," alimwambia Bibi, maana hivyo ndivyo walivyomwita nyumbani, "hii si fasting. Hii ni harusi."

Nilicheka, Mungu anisamehe. Hakuna mwingine aliyecheka. Mama mtu alichukua njugu moja, akaila, akasema ni tamu sana, na machozi yakamtoka. Halafu akatueleza kwamba klabu wamempigia simu. Nafasi imepatikana. Mtoto ataanza baada ya likizo fupi ya katikati ya muhula, yaani wiki nne kutoka siku hiyo.

Siku tatu Bibi hakusema nami ila ndiyo na hapana. Nilijaribu kumchangamsha kwa methali. Nikamwambia huyu bado mtoto, atajifunza tu, samaki mkunje angali mbichi. Akanijibu bila kugeuka, "Na sisi tuliokwisha kauka mnatukunja vipi?"

Siku ya nne nilimkuta amevaa sari ya kutokea na sweta juu yake, ameketi kwenye kiti cha karibu na mlango. "Nipe viatu vya mazoezi," alisema.

Viatu hivyo mwanawe alimnunulia alipotoka hospitali, na vilikuwa havijawahi kugusa ardhi. Mtaalamu wa viungo alikuwa amemwomba atembee kila siku, naye alikuwa akimwitikia vizuri, akimpa chai, na akiondoka anarudi kitini. Tangu operesheni hakuwa amevuka geti. Alikuwa na haya ya kuonekana na fremu, yeye aliyekuwa akipita mtaa ule na mgongo ulionyooka, majirani wote wanamsalimu.

"Tunakwenda wapi, Bibi?"

"Shule."

Nilimwambia haiwezekani. Nikamwambia, "Bibi, ukianguka mimi nitaandika report mpaka nizeeke, na kazi sina." Akaniambia kama naogopa nibaki, nimfungulie mlango tu. Nilikuwa naogopa kweli. Lakini nilikuwa sijamwona na macho yale tangu nimjue.

Tulifika kwenye geti. Siku hiyo hatukuvuka hapo, na alirudi akitokwa na jasho. Kesho yake tulifika sanduku la posta, nyumba tano mbele. Alisimama akalishika sanduku lile jekundu kwa mikono miwili akisubiri pumzi irudi. Mtaalamu wa viungo alipokuja na kusikia, alituambia tuendelee kidogo kidogo, akaturekebishia urefu wa fremu. Haba na haba. Wiki ya pili tulifika kona, kukawa na benchi, tukakaa. Mvua ya rasharasha ilianza nikasema turudi. Akasema Tanga mvua inanyesha hivyo hivyo na watu wanakwenda sokoni. Nyonga ilimuuma, nilijua inamuuma kwa namna alivyokuwa akibana meno kila akiteremka ukingo wa njia, na hakunilalamikia hata mara moja. Nimewahudumia watu wengi katika kazi hii, wapo vijana waliovunjika mguu wakakata tamaa. Huyu mama nilimwonea fahari kana kwamba ni mzazi wangu.

Wiki ya tatu, siku ya Jumanne, tulifika. Kwa mtu mwenye miguu yake ni mwendo wa dakika nane. Sisi tulitumia karibu saa nzima, benchi ikiwemo. Alikuwa amempigia mwanawe simu kumwambia asiende na gari, na mwanawe alinipigia mimi mara nne njiani kuuliza kama tuko wazima. Tulisimama kwenye uzio wa shule kati ya mabibi wengine waliokuwa wakisubiri, sari chini ya makoti ya baridi. Mmoja alimtambua, akamshika mikono, akamuuliza alikuwa wapi miezi yote hii. Bibi akamjibu kwa urefu, na fremu yake alikuwa ameisahau.

Kengele ikalia. Mtoto alitoka akitafuta gari la baba yake, akaona sari. Akakimbia. Nilikuwa sijawahi kumwona akikimbia hata kutoka sebuleni kwenda jikoni. Alikuja mbio mkoba ukimgonga mgongoni, akamkumbatia bibi yake kiunoni taratibu kwa sababu ya nyonga.

Tukarudi kwa mguu, watatu. Mtoto alilazimika kwenda mwendo wa Bibi, basi akawa anatangulia mpaka mti fulani na kurudi, anatangulia na kurudi, hata nadhani aliitembea njia ile mara tatu. Kwenye benchi Bibi alitoa mapera aliyonunua dukani tukipita, nikayakata, akayapaka chumvi na pilipili. Wakala mapera na mtoto akaanza kusema, kwa Kiingereza chake. Kwenye gari, aliniambia Bibi baadaye, hasemi kitu, baba yake yuko kwenye simu. Pale benchini alisema kwamba kwenye chumba cha kubadilishia nguo za michezo hungoja wenzake watoke kwanza. Alisema kuna jina wanamwita. Bibi hakumwambia usijali. Alimuuliza wangapi, akaambiwa wawili, akamuuliza na wengine je. Wengine wako poa. Akampa pera jingine.

Siku hiyo hiyo, mtoto alipoingia chooni, Bibi aliniita jikoni akafunga mlango. "Ile siku uliyosema amenawiri," alisema, "na mimi nikatafsiri. Tulikosea wote wawili. Mwili wa mtoto si habari ya kusalimia."

Alinisema kwa sauti ya chini, na nikaona haya. Nikawafikiria wanangu nyumbani kwetu Wembley, ambao nikichoka na zamu huwanunulia kuku wa kukaanga na chipsi, na wakinona nasema afya. Tangu siku ile nikawa nasalimia kwa kuuliza habari za shule.

Jikoni nako akapindua mambo, na hili nalo nitamsifia mpaka mwisho. Hakumwekea mtoto sahani yake ya adhabu pembeni wakati wengine wanakula vitamu. Alibadilisha chungu cha nyumba nzima. Samli ikawa kijiko kimoja, akiipaka kwa ncha za vidole. Choroko zilizochipua, mchicha, bamia, biringani za kuchoma, maharage ya kijani aliyoyakaanga kwa haradali kidogo mpaka hata mimi niliomba niongezewe. Ladu zikabaki kwa sikukuu. Mwanawe, mwenye kitambi cha heshima, aliuliza viazi vimekwenda wapi, akaambiwa vimefunga. Na chapati mtoto alizisukuma mwenyewe: anayekula anasukuma, hiyo ndiyo ilikuwa sheria. Za kwanza zilitoka zimepinda pinda, na tulizila.

Mama mtu aliyaona haya yote jioni jioni, akashukuru, lakini klabu hakuifuta. Nilimwelewa. Alishawahi kuona ahadi nyingi kwenye meza ile, na mumewe aliniambia hata marehemu baba yake alikuwa akiacha sukari kila Jumatatu. Siku ya mwisho ya likizo ilipokaribia, fomu ilikuwa tayari imesainiwa, iko kwenye mkoba wake. Bibi alijua. Hakuomba kitu. Aliniambia, "Kumwomba ni kumlazimisha achague kati yangu na mtoto wake. Mimi mwenyewe ningemchagua mtoto."

Ijumaa ile mtoto alikuwa nyumbani kwa likizo, na alikuwa amekasirika. Alikuwa amesikia habari za klabu, hataki kwenda, na hasira yake aliipeleka tumboni. Alikula chapati mbili, akataka ya tatu, akaipata, akataka ya nne. Sasa kwa wasiojua: katika nyumba ya Mgujarati wa umri ule, mtoto akisema nipe, unampa. Hakuna neno la kukataa. Mgeni huongezewa hata akifunika sahani kwa mkono. Mama mtu alikuwa amerudi, amesimama kwenye mlango wa jikoni na mkoba begani, na Bibi alikuwa amempa mgongo.

Nikaona mkono wa Bibi ukienda kwenye chombo cha chapati. Mtoto alikuwa akimtazama kwa macho ya kuomba. Mkono ukafika, ukashika kifuniko, ukatulia pale. Kisha akakishindilia kifuniko chini, akakisogeza chombo mbali, akasema kwa Kigujarati maneno mawili matatu kwa sauti ya mapenzi. Mtoto akalia. Bibi akamvuta kifuani akamwacha alie, na yeye mwenyewe alikuwa analia, lakini chombo hakukigusa.

Akaniambia mimi, juu ya kichwa cha mtoto, "Mwanangu, babu yake sikuweza kumfanyia hivi. Hata siku moja."

Kiswahili mkwewe hakukijua, ila alikuwa ameuona ule mkono. Akaniuliza amesema nini. Nikamtafsiria maneno kama yalivyo, sikupunguza. Akaweka mkoba chini, akavua koti, akanawa mikono kwenye sinki, akaja akamfuta mtoto uso kwa kiganja chake chenye maji. Kisha akamuuliza Bibi, kwa Kiingereza, nadhani ili na mimi nisikie, "Ba, Jumatatu mtatoka saa ngapi kwenda shule kumchukua?"

Bibi alimtazama, akanitazama na mimi, kana kwamba anataka nihakikishe amesikia sawa.

"Saa nane," alisema. "Mimi natembea polepole."